Programu za shule: Kumpata mteja si kazi, kazi ni kubaki naye

Mtihani wa katikati ya muhula umekwisha Alhamisi jioni, na Jumatatu wazazi wanasubiri matokeo. Katika shule ya upili yenye wanafunzi 600, kila mmoja akifanya masomo 8, hizo ni alama 4,800 za kuandikwa, kujumlishwa na kupangwa. Kila alama igeuzwe kuwa gredi, kila gredi ipewe pointi, kuanzia 12 za A hadi 1 ya E, kisha utafutwe wastani wa mwanafunzi, wa mkondo, wa somo na wa shule nzima.

Kwa kalamu na kikokotoo, hiyo ni wikendi nzima ya mwalimu msimamizi wa masomo na wenzake wawili watatu. Somo moja likikosewa, nafasi za mkondo mzima zinavurugika na kazi inarudiwa.

Uchovu huo wa walimu ndio uliozaa biashara. Kampuni za programu zinaikodisha shule mfumo wa kompyuta unaomaliza hesabu hizo kwa dakika chache, unaochapisha ripoti na kumtumia mzazi matokeo kwa ujumbe mfupi wa simu. Shule hainunui mfumo ikaumiliki. Inalipia kwa mwezi, kwa muhula au kwa mwaka, na siku inapoacha kulipa, huduma inakatwa.

Kwa mbali biashara hii inapendeza. Ukishatengeneza mfumo mmoja, unaweza kuukodisha kwa shule ya kumi na ya mia bila kuujenga upya. Lakini Kenya nzima ina takribani shule 10,000 za upili, na baadhi yake hazina umeme wa uhakika wala mwalimu wa kompyuta.

Katika soko dogo kiasi hicho, kampuni inakuaje? Na kukua kwake kunamfaa nani: mwenye kampuni, mwekezaji, au mwanafunzi ambaye alama zake ndizo zinazoendesha biashara yote?

Kutoka diski hadi kodi

Miaka ya 1990 programu iliuzwa kwenye diski. Mnunuzi alilipa mara moja, akaiweka kwenye kompyuta yake na kuitumia mpaka ipitwe na wakati. Muuzaji akishapokea fedha, hakuwa na sababu kubwa ya kurudi kumjulia hali.

Mwaka 1999 kampuni ya Salesforce ilianzishwa San Francisco, Marekani, ikaanza kuuza programu kupitia intaneti kwa malipo ya kila mwezi. Mwaka 2013 Adobe, watengenezaji wa Photoshop, nao walitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zao za usanifu yatapatikana kwa kulipia mwezi hadi mwezi. Maelfu ya wateja walitia saini malalamiko ya kupinga. Kampuni haikurudi nyuma, na utaratibu huo ukaenea.

Wakati kampuni kubwa zikigombania kila ofisi duniani, nyingine ziliamua kuhudumia kazi ya aina moja. PowerSchool, iliyoanzishwa California mwaka 1997 na Greg Porter, ilijikita katika kumbukumbu za shule. Veeva, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Peter Gassner baada ya kuondoka Salesforce, ilichagua kampuni za dawa.

Nairobi nayo ina mfano wake. Zeraki, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Isaac Nyangolo na Erick Oude, inajulikana zaidi katika shule za upili za Kenya kwa uchambuzi wa matokeo ya mitihani. Mwaka 2021 ilitangaza kupata mtaji wa dola milioni 1.8, wawekezaji wakiongozwa na Acumen.

Nyuma ya majina hayo zipo kampuni ndogo nyingi za vijana wawili au watatu, zenye shule 20 au 50 kila moja, zinazotafuta njia ya kufika 500. Hizo ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya kukosea hesabu.

Hesabu ya pakacha

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Katika biashara ya kulipia kila mwezi, kuvuja hakumpi mchukuzi nafuu yoyote.

Chukua kampuni yenye wateja 100 inayopoteza 5 kati ya kila 100 kila mwezi. Hasara hiyo inaonekana ndogo, lakini baada ya miezi 12, kama haikupata mteja mpya, inabaki na wateja 54. Mwenzake anayepoteza 2 tu kati ya 100 anabaki na 78.

Sasa zote mbili ziongeze wateja wapya 10 kila mwezi. Ile ya kwanza haitavuka wateja 200 kamwe, kwa sababu ikifika hapo, 5 kati ya kila 100 ni 10, na wote inaowapata wanaziba nafasi za waliotoka. Ile ya pili inaweza kusogea hadi 500. Wauzaji ni wale wale, mafuta ya gari ni yale yale na bei ni ile ile, lakini kilele cha mmoja ni mara mbili na nusu ya kilele cha mwenzake.

*Kampuni inayopoteza wateja 5 kati ya 100 kila mwezi na kupata 10 wapya haitavuka 200, hata ikifanya kazi miaka 20.*

Katika soko pana, anayevuja anaweza kuendelea kutafuta wateja wapya kwa muda mrefu kabla ya kuishiwa. Katika soko la shule hawezi. Wakuu wa shule wanajuana. Wanakutana kwenye vikao vya kaunti na kwenye mikutano ya vyama vyao, na walimu wao wanahamishwa kutoka shule moja hadi nyingine. Shule iliyoondoka kwa hasira huondoka na sikio la jirani.

Ndiyo maana mwalimu anayepiga simu Jumapili usiku kwa sababu ripoti hazichapishwi ni mtu muhimu kuliko tangazo lolote la redio. Simu yake ikipokelewa, shule tano zitasikia habari njema. Isipopokelewa, hizo tano hazitakuja.

Fedha za shule zina majira yake

Vitabu vingi vya biashara vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vinachukulia kwamba mteja ana kadi ya benki, na kwamba kila tarehe 1 kadi hiyo itakatwa bila mtu kukumbushwa. Shule ya Makueni au Kakamega haiishi hivyo.

Kwa shule ya umma ya Kenya, serikali imepanga Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa upili kwa mwaka, fedha zinazogawanywa kwa mihula: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Wakuu wa shule wamelalamika mara kwa mara hadharani kwamba fedha hizo huchelewa, na nyakati nyingine hufika pungufu. Karo ya bweni nayo huja vipande vipande, mzazi akilipa kadiri alivyouza maziwa au mahindi.

Mwezi wa tatu unapofika, mkuu wa shule ana deni la muuza maharagwe, muuza kuni na mlinzi. Anayedai malipo ya programu anapanga foleni nyuma yao, na ni haki apange. Watoto lazima wale kwanza.

Kampuni inayodai kila mwezi itajikuta inakata huduma mwezi wa Aprili na Agosti, shule zikiwa zimefungwa, na itahesabu kwamba imepoteza mteja ambaye kwa kweli yuko likizo. Inayodai mara moja kwa muhula, wiki chache baada ya kufunguliwa, inakutana na mteja akiwa na fedha mkononi.

Namna ya kulipa nayo ina uzito. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, imerahisisha sana kupokea fedha, lakini kwa kawaida mlipaji lazima aingize namba yake ya siri kila anapolipa. Kila malipo ni uamuzi mpya, na kila uamuzi ni nafasi ya kuahirisha. Mwaka 2024 Safaricom ilileta M-Pesa Ratiba, inayomwezesha mteja kupanga malipo yajirudie yenyewe. Hiyo inamsaidia mtu binafsi na duka. Kwa shule ya umma, ambayo malipo yake huidhinishwa na zaidi ya mtu mmoja, uamuzi bado unapita mezani kila muhula.

Mwaka usio na Kidato cha Kwanza

Soko dogo lina hatari nyingine: uamuzi mmoja wa serikali unaligusa lote kwa siku moja.

Machi 2020 Kenya ilifunga shule kwa sababu ya Uviko-19, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Kampuni iliyokuwa na wateja wa aina nyingine ilipunguza maumivu kwa hao wengine. Iliyokuwa na shule peke yake haikuwa na mtu mwingine wa kumdai.

Kisha ukaja mtaala mpya. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ulifanyika mwaka 2023, na watahiniwa wake waliingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024. Mwaka 2025 shule za upili hazikupokea mtu, kwa kuwa kundi lililofuata lilikuwa gredi ya 9, katika sekondari ya chini. Kampuni iliyokuwa inatoza kwa kichwa cha mwanafunzi ilipungukiwa na darasa zima katika kila shule bila kupoteza hata mteja mmoja.

Januari 2026 gredi ya 10 iliingia ikiwa na njia zake tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Hadi mwaka 2027, wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, shule zitakuwa na aina mbili za wanafunzi chini ya paa moja. Programu inayojua gredi za A hadi E pekee haitoshi tena.

Hata upokeaji wa karo hauna uhakika. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Wizara ya Elimu iliagiza wazazi wa shule za kitaifa walipe karo kupitia eCitizen, jukwaa la serikali la huduma na malipo. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo, na Aprili 2025 ikaamua kwamba linakiuka katiba. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, aliyekuwa anatengeneza programu ya kupokea karo hakujua kama kazi yake ina kesho.

Mshindani asiyetoza

Serikali nayo ina mifumo yake, na haitozi shule. Kenya ilianza kutumia NEMIS mwaka 2017 kuorodhesha wanafunzi. Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani (NECTA) lina PReM, inayompa kila mwanafunzi namba yake ya utambulisho, na TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ina mfumo wa taarifa za shule.

Wapo wanaosema mifumo ya umma ndiyo njia ya haki. Hoja yao ni nzito: kwa nini shule maskini ilipie kitu ambacho nchi inaweza kukijenga mara moja kwa wote? Tanzania hoja hiyo ina nguvu zaidi, kwa sababu tangu mwaka 2016 sekondari za umma za kidato cha kwanza hadi cha nne hazitozi ada. Mkuu wa shule ya aina hiyo hana fungu la kukodi programu hata akiipenda, na ndiyo maana wauzaji wengi hukimbilia shule binafsi.

Upande wa pili unajibu kwamba mfumo wa serikali umejengwa kujibu maswali ya serikali: wanafunzi wangapi, wako wapi, wamefanya mtihani gani wa taifa. Swali la mwalimu ni tofauti. Anataka kujua kwa nini mkondo wa Magharibi umeshuka katika kemia tangu mwezi wa pili, na ni wanafunzi gani saba wa kukaa nao Jumamosi.

Ukweli ni kwamba pande zote mbili zinahitajiana. Kampuni itakayomwezesha mwalimu kuingiza jina mara moja, likatumika kwake na kwa wizara pia, itampunguzia kazi. Itakayomlazimisha kuandika majina yale yale mara mbili itaachwa, na mshindani asiyetoza atabaki.

Kuchimba au kutanuka?

Kampuni ikishafika shule 300, mwekezaji huuliza: sasa unakwenda wapi? Hapo maoni hugawanyika.

Wanaotaka kutanuka huitazama Afrika Mashariki kama soko moja. Lakini vuka mpaka wa Namanga uone. Kenya, A ni pointi 12, na mwenye pointi nyingi ndiye bora. Tanzania, A ni pointi 1, yanahesabiwa masomo 7 bora, na Daraja la Kwanza ni pointi 7 hadi 17. Mwenye pointi chache ndiye bora. Hesabu nzima inageuka kichwa chini, pamoja na kalenda ya shule, jina la kila ripoti na utaratibu wa ununuzi. Kuvuka mpaka ni kuanza biashara ya pili.

Wanaotaka kuchimba hutaka shule ile ile ichukue huduma ya pili: baada ya alama, ratiba ya vipindi, kisha hesabu za karo, kisha maktaba. Veeva ilifuata njia hiyo. Ilianza na programu ya wauzaji wa dawa, na mwaka 2011 ikaongeza nyingine ya kutunza nyaraka za kampuni hizo hizo. Iliingia soko la hisa la New York mwaka 2013, na katika mwaka wa fedha ulioisha Januari 2023 mapato yake yalipita dola bilioni 2, bado ikihudumia sekta ile ile.

*Tanzania A ni pointi 1, Kenya ni 12. Anayevuka mpaka na programu ya alama anaanza biashara ya pili.*

Shule zetu hazina fedha za kampuni za dawa. Hata hivyo, somo linahamishika: anayeijua kazi ya mteja mmoja kwa undani ana nafasi kubwa ya kumwuzia tena kuliko mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza. Kwa kampuni changa yenye mtaji mdogo, njia ya kuchimba ndiyo salama. Mpaka uvukwe baadaye, na uvukwe na mtu wa upande wa pili anayejua NECTA inavyofanya kazi.

Alama ni za nani?

Lipo jambo ambalo halionekani kwenye hesabu za mapato, nalo ndilo zito kuliko yote. Njia rahisi ya kumzuia mteja asiondoke ni kumfungia. Shule iliyoweka alama za miaka mitano kwenye mfumo wa kampuni, na isiyoweza kuzitoa zikasomeka kwingine, itaendelea kulipa hata ikichukia. Kwenye vitabu, mteja huyo anaonekana mwaminifu.

Sheria haiungi mkono tabia hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake katika muundo unaoweza kuhamishwa, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Tanzania ilipitisha sheria yake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Ofisi ya Kamishna wa Data ya Kenya imeonyesha kwamba haitishi kwa maneno tu: Septemba 2023 iliitoza shule moja Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Hatari yenyewe imekwisha kuonekana Marekani. Oktoba 2024 PowerSchool ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Bain Capital kwa dola bilioni 5.6. Desemba mwaka huo huo mdukuzi aliingia kwenye mfumo wake. Waendesha mashtaka walisema taarifa za wanafunzi zaidi ya milioni 60 na walimu milioni 10 zilihusika. Mwaka 2025 mwanafunzi wa chuo wa miaka 19 kutoka Massachusetts alikiri kosa hilo. Kampuni ilikubali kwamba ilimlipa mdukuzi ili taarifa zifutwe, lakini miezi michache baadaye baadhi ya shule zilipokea vitisho vipya.

Kampuni hiyo ilifanikiwa kwa kipimo chochote cha soko: ilikua, ilidumu, iliuzwa kwa bei kubwa. Walioachiwa wasiwasi ni wazazi ambao hawakuwahi kuulizwa kama wanaitaka.

Kipimo cha haki

Biashara hii inahitajika. Mwalimu aliyeokolewa wikendi moja kila mtihani anapata muda wa kusahihisha insha kwa makini au wa kulala, na vyote viwili vina faida kwa mwanafunzi. Vijana wanaotengeneza mifumo hiyo wanastahili kulipwa vizuri.

Kwa hiyo bodi za shule zianze kuuliza maswali matatu kabla ya kutia saini. Tukiondoka, tutapewa alama zetu zote ndani ya siku ngapi, na katika muundo gani? Taarifa za watoto zinatunzwa wapi, na nani ana ruhusa ya kuzifungua? Bei itahesabiwaje mwaka ambao wanafunzi watapungua? Kampuni isiyo na majibu ya maandishi haijawa tayari kupewa jina la mtoto.

Kampuni nazo zitoze kwa muhula, ziweke kitufe cha kupakua kila kitu mahali pa wazi, na ziajiri mtu wa kupokea simu za walimu kabla ya kuajiri muuzaji wa pili. Hatua hizo zinaonekana kama gharama. Katika soko la shule 10,000 zinazoongea, ndizo njia ya kupandisha kilele.

Na mwekezaji anayeletewa hesabu asiridhike na idadi ya shule zilizosajiliwa. Aulize ni ngapi kati ya zilizolipa mwaka jana zimelipa tena Januari hii, zikiwa na uwezo wa kubeba alama zao na kwenda kwingine. Zinazobaki zikiwa na ruhusa ya kuondoka ndizo wateja halisi, na ni juu yao tu kampuni inaweza kusema imekua.